Nani Anamwagilia Nyanya?

Januari 6

Mchicha niliochukua gengeni asubuhi ulifika nyumbani umelala chali. Nimeuchambua, nikabaki na majani ya kujaza kiganja. Mwenye genge aliniambia, "Shangazi, hili jua halichagui, hata mimi mwenyewe nimenyauka." Nilicheka njia nzima. Nilipoingia ndani kicheko kikaisha, maana Fundi alikuwa pale pale nilipomwacha, kwenye kiti, anatazama ukuta.

Fundi ni mume wangu. Mtaa mzima unamwita hivyo kwa sababu hakuna jokofu lililomshinda. Mimi pia ni fundi, wa cherehani, ila mimi naitwa "mama, nguo yangu bado tu?" Mwaka jana alianguka kutoka kwenye ngazi akifunga kiyoyozi, akavunjika mguu. Plasta imeshatolewa, mfupa umeunga, na daktari alitueleza bila kuzunguka: "Dawa yake sasa ni kutembea. Akikaa hivi hivi hadi mvua zianze, goti litakakamaa, na hapo msinililie mimi." Tulirudi nyumbani na mkongojo wa kutembelea, akauegemeza ukutani, akaketi. Ndiyo hivyo, ameketi hadi leo.

Januari 7

Joto. Nimeshona kola nne, zote kombo. Nimefumua zote.

Januari 9

Nimeamua. Napanda mboga uani.

Nimeomba ndoo kuukuu za rangi kwa wapaka rangi wa nyumba inayojengwa huko chini, nikazitoboa matako kwa msumari wa moto, nikajaza udongo. Muuza miche amenipa nyanya, bamia na pilipili, mbegu za mchicha kanipimia kwa kifuniko cha chupa. Ndoo nimezipanga karibu na mlango wa nyuma. Nia yangu si mboga peke yake. Mlango ule ukiwa wazi, uani panaonekana kutoka kwenye kiti cha Fundi. Akichoka na ukuta, atazame kitu kinachokua.

Mama mkwe, ambaye alikuja kumuuguza mwanawe na hana dalili ya kuondoka, alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Mwanangu, jua hili linakaanga mawe, wewe unapanda nyanya?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Utakula mawe ya kukaanga."

Januari 12

Nyanya za ndoo sita zimeungua ncha. Zinahitaji kivuli, na mimi nina kitambaa kimoja tu kisicho na mwenyewe: shela ya yule bibi harusi aliyegombana na mchumba wake wiki moja kabla ya sherehe, hakurudi tena kuichukua. Nimeitandaza juu ya vijiti. Jirani yetu, Baba Mapacha, amechungulia juu ya ukuta akasema, "Hongera, jirani! Nyanya zimeolewa, na sisi hata kadi hatukupewa?"

Kutoka ndani nimesikia kitu kama kikohozi. Nakaribia kuapa kwamba Fundi alicheka.

Januari 15

Maji ya bomba sasa yanakuja kwa zamu, na zamu yenyewe ni pale wanapopenda watu wa maji. Kwa hiyo nimetoa amri nyumba nzima: mboga namwagilia mimi, mtu mmoja, kopo moja kila ndoo, alfajiri na jioni. Mwingine asiguse. Mama mkwe kaguna. Binti yetu, tunayemwita Daktari kwa sababu anauza kwenye duka la dawa na anatuandikia dozi hata tukipiga chafya, amesema, "Sawa mama, mara mbili kwa siku baada ya chakula." Mshenzi huyu mtoto.

Fundi alitazama ukuta. Siku hizi hasemi. Akijaribu kuinuka tu, sote tunainuka: mama mkwe anadaka bega, Daktari anadaka mkono, mimi nasogeza meza. Anatutazama, anarudi kuketi. Ananiumiza moyo, na ananikera pia. Nayaandika yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli.

Januari 20

Mchicha umechipua. Mwekundu, mdogo, umesimama kama watoto wa shule mstarini. Nimeuonyesha kila mtu. Hata anayesoma mita ya umeme.

Januari 24

Leo saa sita mchana nyanya zote zilikuwa zimelegea, majani yananing'inia, huruma tupu. Nilikimbia kwa muuza miche karibu nalia. Hakuacha hata kufunga mzigo wake. "Dada, nyanya ikipigwa na jua la mchana inakunja majani, inajikinga. Umeingiza kidole kwenye udongo?"

"Sijaingiza."

"Ingiza. Ukiwa na unyevu, iache. Jioni itajiinua yenyewe. Ukiimwagia kila ikilegea, utaiozesha mizizi."

Nimerudi, nimeingiza kidole, udongo mbichi. Jioni zikajiinua, zimesimama kwa maringo kana kwamba si zile zile za mchana. Nimewaita wote niwaeleze. Nimeeleza kwa sauti ya kumfikia hata Baba Mapacha.

Januari 25

Joto. Umeme hakuna. Pasi ya mkaa imenichoma kidole.

Januari 30

Kuna jambo haliniingii. Namwagia kopo moja alfajiri, jua linapiga kama lina kesi na sisi, na jioni nikirudi kwenye ndoo udongo umelowa chepe chepe. Majani ya chini yameanza kuwa manjano. Nyanya mbili zimekufa, zinanuka uozo. Katika ukame huu, nyanya zangu zinakufa kwa kuzama!

Nimemweka mama mkwe kati. "Mama, unamwagilia?"

"Mimi? Kwa amri yako ile?"

"Mama."

Akatazama pembeni. "Kikombe kimoja tu cha chai. Zilikuwa zinanitazama."

Nimemweka Daktari kati. Amesema yeye humwaga maji ya kusuuzia vyombo, "yangepotea tu, mama." Nikapanda kwenye tofali nikamwita Baba Mapacha. Akajikuna kichwa. "Jirani, mimi huwa nanyunyizia kidogo juu ya ukuta na mpira wangu. Nikaona nyinyi mna mgonjwa, mmesahau."

Kumbe nimezungukwa na watu wenye huruma. Kila mmoja kajificha ili mwenzake asimwone, kila mmoja katia kidogo tu, na vidogo vyote vimekutana kwenye mizizi. Nimewaapisha watatu hao. Mama mkwe aliapa huku amenipa mgongo.

Februari 3

Ndoo bado zimelowa.

Februari 4

Bado. Nimewanunia wote. Chakula cha jioni kimeliwa kwa sauti za vijiko tu.

Februari 6

Sijui nianzie wapi. Nimekaa kwenye cherehani, nimeacha sare za watu nusu.

Leo mama mkwe alikwenda kumtembelea rafiki yake, Daktari yuko kazini, na Baba Mapacha na familia yake wamesafiri tangu juzi. Mimi nikatoka kupeleka nguo ya mteja. Nikarudi mapema, yule mteja hayupo. Nikapitia kwa nyuma, moja kwa moja kwenye ndoo, niingize kidole. Imelowa. Maji bado yanatiririka kwenye kitundu cha chini.

Nikapandisha hasira hadi utosini, nikasema leo ni leo. Nikainama kutafuta nyayo. Kwenye tope, kati ya ndoo ya kwanza na ya pili, palikuwa na alama ya duara, ndogo, imezama. Mbele yake nyingine. Kisha unyayo mmoja wa ndala, kisha kitu kilichoburuzwa. Nikazitazama zile duara kama mjinga. Hakuna kiatu chenye umbo hilo.

Ni mpira wa mkongojo.

Niliketi palepale kwenye tope na gauni langu la kutokea. Fundi. Fundi anatembea! Sisi tukitoka, au tukilala mchana kwa ajili ya joto, anajiinua, anavuka sebule, anashuka kidato cha mlango, anazimwagia nyanya zangu maji na kuziua, halafu anarudi kuketi atazame ukuta! Nililia, nikajiziba mdomo na upindo wa gauni. Ni nyanya gani duniani zimewahi kufa kwa heri namna hii?

Nilizunguka nikaingia kwa mlango wa mbele, nikakohoa sana. Alikuwa kwenye kiti. Shati limelowa jasho mgongoni.

"Joto leo," nikasema.

"Kali," akasema.

Februari 7

Sitamwambia mtu. Sitamwambia hata yeye. Anatembea kwa sababu hatumwoni, na tukimwona tutainuka tumdake. Kukaa na neno kooni si kazi yangu, kila mtu anajua, lakini hili nitakaa nalo hata linikabe.

Nyanya zilizooza nimezing'oa, nikapanda nyingine, nikachanganya mchanga kwenye udongo ili maji yapite haraka. Kopo langu la jioni nimelifuta. Lake linatosha.

Na ndoo mbili za bamia nimezisogeza. Kidogo tu. Mkono mmoja mbali zaidi na mlango.

Februari 10

Bamia zimelowa. Mchumba wangu Fundi ameongeza hatua.

Februari 13

Nimesogeza tena. Mama mkwe kaniuliza kwa nini nahamisha ndoo kila siku kama mtu wa madeni anayehama nyumba. Nikasema nafuata kivuli. Ameangalia jua, ameangalia ndoo, hakuuliza tena.

Maua ya nyanya yanapukutika kwa joto. Redio inasema wazee na watoto wakae ndani. Bamia ndizo zinazochekelea, zimenifika kiunoni.

Februari 17

Ndoo ya bamia kubwa iko karibu na tangi la maji sasa, mwisho kabisa wa ua. Imelowa. Nimeimba nikishona. Daktari kanipima joto.

Februari 21

Leo ilikuwa karibu nimpoteze, na mkosaji ni mimi.

Umeme ulikatika asubuhi. Nilikuwa na sare za shule za kupeleka, nikakuta foleni ya ukaguzi, zinakaguliwa moja moja, mkaguzi mwenyewe anapepea uso kwa karatasi. Nilifika nyumbani alasiri. Mama mkwe alikuwa amelala chumbani, kashindwa na joto, uso una kitambaa cha maji. Kiti cha Fundi kilikuwa kitupu. Moyo wangu kwanza ulifurahi, nasema ukweli. Nikasema yuko uani, ngoja nimpe muda, nikanywa maji taratibu.

Kisha nikaona kimya kimezidi.

Alikuwa chini, nyuma ya tangi. Mkongojo umeteleza kwenye saruji yenye utelezi wa maji ya tangi, naye hakuweza kujiinua kwa sababu hakuna cha kushika pale. Hakuna cha kushika, na mimi ndiye niliyeipeleka ndoo pale. Alikuwa amejiburuza hadi kivulini, amevuta ile shela, iliyopeperushwa na upepo hadi pale, akajifunika kichwa, kajipaka udongo mbichi wa bamia shingoni. Midomo imepasuka. Saruji ilikuwa ya moto hata mimi niliposhuka magoti niliruka.

"Umeumia wapi?"

"Popote ila mguuni," akasema. Kisha akafumba macho na mimi nikapiga yowe.

Baba Mapacha aliruka ukuta kama kijana. Tulimbeba ndani. Daktari alikuja mbio bado ana koti la kazini, akamnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, mikono yake imetulia kabisa, nikamwona kwa mara ya kwanza kuwa si mtoto wetu anayecheza udaktari. Ni mtu mzima anayejua kazi yake. Mguu ni mzima. Kiwiko kimechubuka. Alipopata rangi usoni ndipo mama mkwe alipouliza, pole pole, "Ndoo ile nani aliipeleka kule?"

 Kopo lilikuwa linadondosha maji mezani.

"Mimi, mama," nikasema. "Nilijua anatembea. Nilikuwa namvuta."

Hakunipigia kelele, na heri angenipigia. Aliinuka, akafunga mlango wa uani, akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la nguo yake.

Februari 22

Hakuna aliyezungumza nami. Namwagilia kupitia lango la pembeni.

Februari 26

Fundi ametazama ukuta siku nzima. Ule ule. Mlango umefungwa na sebule imekuwa tanuri. Kila nikishona natazama mgongo wake.

Machi 1

Leo tumechambua mboga pamoja, mimi na mama mkwe, mchicha wetu wenyewe, kapu zima, majani mapana kama viganja. Nilijiandaa kwa maneno makali na nilikuwa na yangu tayari. Badala yake akaanza mwenyewe, hakunitazama.

"Siku ile ya ngazi mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimempelekea chakula. Nilimwona anavyokuja chini. Sasa hata kikombe kikianguka jikoni namwona anakuja chini tena."

Sikuwahi kulijua hilo. Miezi yote hii nimemwona kama askari aliyehamia nyumbani kwangu. Nikamwambia, "Mama, na mimi nimemwona chini juzijuzi. Lakini nimeona pia alama zake kwenye tope. Tukimfungia, zile alama ndizo za mwisho."

Aliendelea kuchambua. Vijiti vyote aliviweka upande wake, majani yote upande wangu.

Machi 3

Nimevunja kimya. Nilimpelekea Fundi chai, nikaketi sakafuni mbele yake, kati yake na ukuta, ili asiwe na pengine pa kutazama.

"Nilijua ulikuwa unatembea," nikasema.

"Na mimi nilijua unajua."

"Tangu lini?"

"Mke wangu, zile ndoo zilikuwa zinatembea kuliko mimi."

Nilijaribu kuukaza uso wangu, nikashindwa. Tulicheka hadi chai ikamwagika. Nikamuuliza kwa nini alikuwa ananificha. Akafikiri sana, maana ni mtu wa kufikiri kabla ya kufungua chochote, iwe jokofu au mdomo.

"Mkinitazama, naona nyusoni mwenu kwamba nitaanguka. Basi naanguka kabla sijainuka. Nyanya zilikuwa hazina uso huo. Zilikuwa na kiu tu."

"Hazikuwa na kiu, Fundi. Uliziua."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambiaje, na wewe hukuwa unatembea?"

Machi 4

Mawingu jioni. Yalipita. Nimeyatazama kwa hofu badala ya shangwe, kwa sababu ya lile neno la daktari wa hospitali kuhusu goti na mvua.

Machi 5

Jumapili, tuko wote sebuleni, hakuna feni. Mama mkwe kwenye kochi la mbali, karibu na mlango wa mbele. Fundi akasema, "Mama, naomba ufunguo wa uani."

"Nikuletee nini huko, mwanangu? Sema tu."

"Sitaki kuletewa. Naufuata."

Akashika mkongojo. Daktari akaanza kuinuka, nikamdaka sketi nikamketisha kwa nguvu hadi mshono ukalia. Mimi mwenyewe nilishika kiti kwa mikono miwili, chini, kama mtu aliye kwenye gari linalokwenda kasi. Mama mkwe alikuwa ameshatanguliza mguu mmoja. Nikamtazama. Nilimwomba kwa macho kama sijawahi kumwomba mtu kitu. Akaurudisha mguu.

Fundi akainuka peke yake. Goti lilikataa, akangoja, likakubali. Kutoka kiti hadi kochi ni hatua chache kwa mtu mwingine yeyote, lakini yeye alipita kwenye zulia, akapita kona ya meza ambayo mikono yangu yote ilitaka kuisogeza, akayumba mara moja karibu na cherehani. Daktari alifumba macho. Hakuna aliyeinuka. Sijui kama nimewahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kukaa.

Alisimama mbele ya mama yake, jasho linamtiririka kidevuni, akanyoosha mkono.

Mama mkwe alihangaika na lile fundo muda mrefu, vidole vimemkataa, machozi yanalidondokea. Hatukumsaidia yeye pia. Lilipofunguka akamwekea ufunguo kiganjani, akakikunja kiganja chake kwa mikono yake miwili.

"Pale kwenye tangi pasuguliwe ule utelezi," akasema. "Na pawekwe kitu cha kushika."

"Nitachomelea bomba," akasema Fundi.

Machi 9

Bamia! Nimekata za kujaza sufuria, na za jirani. Nyanya zimetoa tano tu, ndogo, ngumu, lakini nyekundu kama aibu. Mama mkwe kala moja nzima amesimama, akasema imekosa chumvi, akachukua ya pili.

Machi 14

Mvua imenyesha alfajiri. Kubwa, ya kelele, imeiangusha shela ya nyanya na kujaza kila kopo. Mboga zimeoga hadi masikioni na leo hakuna wa kulaumiwa. Nilisimama mlangoni nikawaza goti. Jana alishuka kidato na kupanda mara nyingi, linakunja, bado linalia kidogo kama bawaba. Linakunja lakini.

Asubuhi Baba Mapacha amebisha hodi, kalowa. "Fundi, nisamehe, najua hali. Lile jokofu letu limekufa na nyama imo ndani. Nilitaka uniambie tu nimwite nani."

Fundi aliweka kikombe. "Limekufa au limezimia?"

"Linanguruma, halafu kimya."

"Basi limezimia. Usimwite mtu."

Akanigeukia. Tangu alipovunjika amekuwa akivaa ndala moja tu, mguu wa pili unabaki na soksi, na mimi nilishazoea kupanga ndala hiyo moja chini ya kiti kila asubuhi.

"Mke wangu," akasema, "viatu vyangu vya kazi viko wapi?"

Nilikuwa nimeviweka juu ya kabati, ndani ya mfuko, nyuma ya masanduku.  Nikamuuliza kijinga, "Kimoja au vyote?"

"Vyote," akasema. "Na uniletee na bisibisi."